Safu ya Haradali

Kaka yangu Elisaria aliniita Bubu tangu nikiwa mdogo, na mimi sikukasirika. Mbele za watu nilikuwa bubu kweli. Mgeni akiingia nyumbani nilipita nyuma kwenye migomba, nikatokea bustanini, nikajifanya napalilia hata kama hakuna jani la kupalilia. Ndiyo maana bustani yangu ilikuwa safi kuliko zote kijijini. Watu walidhani ni bidii. Ilikuwa aibu.

Bustani yenyewe ilikuwa nyuma ya jiko, chini kidogo ya zizi, mahali mfereji unapopinda kabla ya kwenda kwa Mama Penina. Kulikuwa na kabichi, vitunguu, karoti, na mnafu pembeni. Tulianza na mama, halafu mgongo ukamsumbua akaniachia. Sikuwa na uchawi wowote. Asubuhi kabla umande haujakauka nilinyunyiza majivu juu ya majani, maana majivu hushika palipo na unyevu. Mkojo wa ng'ombe niliuacha kwenye chungu mpaka unuke, jirani apige kelele, ndipo nikauchanganya na maji mengi nikamwagia shinani. Vitunguu nilivipanda katikati ya kabichi kwa sababu wale vipepeo weupe hawapendi harufu yake. Na sota, yule mdudu mnene anayekata miche kama mtu mwenye panga, nilimtafuta kwa kidole. Ukikuta mche umelala, chimbua pembeni yake. Yupo hapo hapo, amejikunja, ameshiba. Nilimpa kuku.

Mwisho wa bustani, upande wa mlimani, nilipanda safu moja ya haradali. Mbegu nilipewa na mwalimu wetu wa shule ya wasichana, siku nilipomwuliza kama haradali ya kwenye Biblia ipo kweli. Nilimwuliza kwa sauti ndogo mpaka akainama. Haradali wadudu wanaipenda kuliko kabichi. Viwavi, wadudu mafuta, wote walikimbilia kule, na mimi niliwaacha waile. Ile safu ilitoboka kama chujio. Mama aliiita safu ya wageni. Alisema hata nyumba ya Mkristo lazima iwe na mahali pa kuweka wageni wasumbufu, wasije wakaingia chumbani.

Mtu wa kwanza kuja kuuliza habari za bustani yangu alikuwa Mama Penina. Ni mjane, jirani yetu wa bondeni, mwenye sauti inayosikika mpaka kanisani hata akiwa kwake. Binti yake Penina aliolewa Moshi, akamwachia mjukuu, Anande, mtoto ambaye ndiyo kwanza meno yamejaa mdomoni na anayajaribu kwa kila kitu cha kijani. Ukimwacha kwenye mnafu anatafuna kama mbuzi.

"We mtoto," Mama Penina aliniambia siku hiyo, "kabichi zako unazipa nini? Maziwa?"

Nikatazama miguu yangu.

"Haya, usiseme. Nionyeshe."

Nikamwonyesha. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tunaongea, mimi kwa mikono na yeye kwa mdomo. Alinifuata mstari kwa mstari, akachimbua sota kwa kidole chake mwenyewe, akapiga kelele ya furaha kama aliyeokota hela. Baada ya hapo alikuja na wenzake. Walisimama nyuma ya zizi wakinitazama, wakicheka, wakiniita mwalimu asiye na ulimi. Jumapili moja baada ya ibada nilimsikia Mama Penina akiwaambia pale nje, "Yule mtoto hasemi. Lakini akisema, hadanganyi."

Neno lile nililibeba mpaka nyumbani kama yai. Sikuwahi kusifiwa kwa kitu kingine.

Elisaria alikuwa msaidizi wa Bwana Shamba. Alivaa kaptula ya kaki, alikuwa na baiskeli, alipanga nyumba mjini upande wa Lemara na mke wake. Tangu baba afariki yeye ndiye aliyekuwa baba. Akija, mama alimpa kiti cha baba na mimi nilimletea maji ya kunawa. Nilimpenda sana. Ni yeye aliyenisemea kwa wazee nipelekwe shule, walipouliza msichana asiyeongea atafundishwa nini.

Kazi yake mwaka ule ilikuwa kuwafanya watu watumie poda ya wadudu. Ilikuja kwenye mikebe kutoka mjini. Lakini watu hawakutaka kitu chochote kutoka kwa mtu wa serikali. Tangu serikali iwaondoe ndugu zetu kwa nguvu kule Engare Nanyuki, nyumba zao zikachomwa moto, gari la Mzungu likipanda huku watu walifunga milango, hata wazee waliokuwa na maneno mengi ghafla waliumwa. Elisaria alilima kishamba cha mfano karibu na barabara ili watu waone. Hakikuwa kwenye mfereji, na yeye alikipitia mara chache kwa baiskeli. Miche ikakauka. Poda inaua wadudu, haileti maji.

Siku moja nilimpelekea chakula pale. Nikakuta nyuki wamelala chini kama maharage yaliyomwagika. Na kuku mmoja wa Mzee Solomoni wa pale jirani, aliyekuwa ameingia kuokota wale wadudu, alikuwa anazunguka, anazunguka, shingo imepinda. Akaanguka mbele yetu. Elisaria alimtupa kwenye majani haraka.

"Usimwambie mtu, Bubu," alisema.

Nisingesema hata kama asingeniomba. Lakini pale ndipo nilipojua kwamba anajua.

Kisha akaja nyumbani jioni moja, amechoka, akakataa hata ndizi. Bwana Shamba alikuwa anakuja Jumatano kuona maendeleo. Alitaka kuona bustani nzuri, na watu wamekusanyika.

"Niazime bustani yako," Elisaria aliniambia.

"Utasema nini?"

"Nitasema nini? Nitasema ukweli. Kwamba ni ya dada yangu, na mtu akijitahidi mboga zinastawi. Mzungu akiona watu wamekuja, ataridhika. Akikuta kile kishamba changu, nimekwisha."

Mama akasema, "Mkubalie kaka yako."

Hakuwa na haja ya kusema. Nilishakubali. Niliona fahari mpaka nikaona haya. Jumatano ile nilipewa ruhusa shuleni, nikaamka nikafagia njia, nikatandika majani makavu ya migomba kati ya mistari, nikafuta matope hata kwenye kabichi za nje, kama mtu anayemwosha mtoto uso kabla ya kwenda kanisani.

Watu walikuja. Wasingekuja kwa ajili ya Elisaria. Walikuja kwa sababu Mama Penina alipita nyumba kwa nyumba kuwaambia ni bustani yangu mimi, Tabea.

"Leo bubu anahubiri!" alisema akiingia, Anande mgongoni. Wanawake wakacheka. Nikakimbilia mfereji kuchota maji ya wageni, ingawa mtungi ulikuwa umejaa.

Niliporudi, Landrova ilikuwa imefika. Kando ya njia niliyofagia kulikuwa na mikebe ya poda imepangwa vizuri, mmoja mwanzo wa kila mstari. Bwana Shamba, Mzungu mrefu mwenye kofia, alikuwa ameinama juu ya kabichi zangu. Elisaria alisimama katikati, kifua mbele.

"Ndugu zangu," alisema, "mnaona kabichi hizi. Wengi mmeziona na mkauliza siri yake. Leo nawaambia. Siri yake ni hii." Akagonga mkebe kwa fimbo.

Nilidhani anaanza utani, kwamba atageuka kuja kwenye ukweli. Nilisubiri ageuke.

Mama Penina ndiye aliyesema. "Elisaria mwanangu, subiri kidogo. Mimi Tabea alinionyesha majivu. Na mkojo wa ng'ombe. Mikono yangu ilinuka wiki nzima."

"Majivu ni mazuri sana, mama," alijibu. "Kwa kusugulia sufuria."

Watu wakaangua kicheko. Hata Mzee Solomoni, aliyekuja akiwa amekunja uso, alicheka.

"Sikilizeni," Elisaria akaendelea, sauti sasa imekuwa ya upole. "Msimlaumu dada yangu. Yeye anakwenda shule asubuhi. Mimi napita na baiskeli, naweka poda, naenda zangu. Jioni anarudi, anamwaga majivu yake. Hajui. Anadhani ni majivu."

Akanitazama akatabasamu, vile mtu anavyomtabasamia mtoto anayedhani amemsaidia baba yake kusukuma gari.

Sijui kama mtu anaweza kueleza kitu kile. Kama angeniita mwongo ningelia tu. Lakini alinifanya mjinga mwenye furaha. Kila asubuhi niliyoamka na baridi, kila sota niliyemchimbua, akavichukua vyote mbele ya watu bila kukunja uso. Na alijua sitasema. Alikuwa amepiga hesabu zake juu ya ububu wangu.

Basi nilifanya jambo ambalo sijawahi kufanya. Nilipita katikati ya watu, nikamshika Mama Penina mkono, nikamvuta mpaka mwisho wa bustani, kwenye haradali. Watu wakatufuata. Nikageuza jani. Chini yake viwavi walikuwa wanajivuta, wanene, na wadudu mafuta wamejazana kwenye shina.

"Wako hai," nilisema. Sauti ilitoka kama ya kuku aliyekabwa. "Kama angeweka poda, wangekufa."

Nilimwona Mama Penina ameinama, anatazama, kichwa chake kikaanza kutikisika polepole, ndiyo, ndiyo. Nikamtazama Elisaria. Uso ulikuwa umemshuka. Alitazama jani, akanitazama mimi, na mimi kwa ujinga wangu nikafikiri sasa atasema. Hata nilimwonea huruma.

Akapiga makofi.

"Asante, dada! Nilikuwa nasahau kuwaonyesha. Ndugu zangu, hii safu niliiacha makusudi. Sikuweka poda hata chembe. Ili mlinganishe wenyewe kwa macho yenu. Kule poda, huku hakuna poda. Tazameni kule. Tazameni huku."

Watu wakatazama kule. Wakatazama huku. Nani angebisha? Kule kabichi zinang'aa, huku majani yametoboka kama nyavu.

"Mzuri sana!" Bwana Shamba alisema, akampiga Elisaria begani. "Iko akili sana, hii kijana!"

Mama Penina hakuwa mtu wa kushindwa haraka. Aligeuka akamtafuta mama yangu, aliyekuwa amesimama mlangoni pa jiko. "Mama Elisaria. Wewe ndiye unayeshinda nyumbani. Mwanao alikuwa anakuja hapa?"

Mama alimtazama Elisaria. Akamtazama Mzungu. Mimi alinitazama mwisho, haraka, kama mtu anayegusa sufuria ya moto. Akafuta mikono kwenye kanga, ingawa haikuwa na maji.

"Alikuwa anakuja," alisema.

Kweli alikuwa anakuja. Alikuja kula. Mama alilijua hilo kuliko mtu yeyote, maana yeye ndiye aliyempakulia.

Mikebe ikagawiwa. Kila mwanamke alichukua wake, wengine waligombania. Elisaria aliwaelekeza: utie kwenye mfuko wa kitambaa, utikise juu ya majani, na mboga uzioshe kabla ya kupika. Hayo ya kuosha aliyasema haraka akiwa anafunga kamba ya baiskeli. Mama Penina alichukua mkebe wake mwishoni. Alinipita karibu sana.

"Ulinichimbisha ardhi kwa kidole, mtoto," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. "Kumbe poda ulikuwa unaijua, mpaka safu iliyorukwa uliijua."

"Mama, mimi..."

"Sasa hivi umeona Mzungu ndiyo umepata ulimi."

Akaenda. Hakukasirika. Alikuwa kama mtu aliyenunua mayai sokoni kwa mtu anayemwamini, akafika nyumbani akayapasua yote viza.

Nilimfuata mama jikoni. Alikuwa anamenya ndizi, amenipa mgongo.

"Mama, kwa nini?"

"Angefukuzwa."

"Umesema mimi ni mwongo."

"Sikusema hivyo. Nimesema alikuwa anakuja." Kisu kikaendelea. "Kaka yako ana mke, na mtoto yuko njiani. Wewe una kabichi."

"Anande anakula mnafu mbichi, mama. Anachuma mwenyewe, hakuna anayemwoshea. Kuku wa Mzee Solomoni alikufa kwa kula wadudu wa poda. Nilimwona. Kaka alimwona."

Kisu kikasimama kidogo.

"Kuku hufa," mama alisema, akaendelea kumenya.

Nilijaribu mwenyewe kesho yake. Nilishuka kwa Mama Penina kabla ya shule, nikamkuta anafagia. Mkebe ulikuwa kwenye benchi, haujafunguliwa. Alikuwa anangoja mvua za mchana zikatike, maana Elisaria alisema maji yataiosha poda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Nikamwambia yote. Nilikuwa nimeyapanga njiani yakatoka ovyo ovyo: kuku, nyuki, Anande, haradali. Alinisikiliza akiwa ameegemea ufagio.

"Ngoja nikuelewe," alisema. "Unataka mimi nibaki na majivu. Kabichi zangu zitoboke, zako zing'ae. Ndiyo?"

"Hapana, mama."

"Mama yako mzazi amesema kaka yako alikuwa anakuja. Nimwamini nani, mama mtu au mtoto aliyenificha?" Akaanza tena kufagia, vumbi likaja miguuni kwangu. "Nenda shule. Utachelewa."

Kutoka hapo wanawake hawakuja tena nyuma ya zizi. Nilipopita kisimani waliacha kuzungumza, halafu mmoja akasema, "Mwalimu, majivu yako bei gani?" wakacheka mpaka ndoo zikamwagika. Mimi niliyezoea kukimbia watu, sikujua inavyouma watu wakikukimbia wewe.

Jumamosi mvua ilikatika. Jua likatoka mapema, mlima ukaonekana mpaka kileleni. Nilikuwa bustanini nilipomwona Elisaria anaingia kwa miguu, baiskeli kaiacha barabarani. Mama alikuwa nyuma yake. Mkononi Elisaria alishika jani la isale.

Mama yangu ni Mchaga wa Machame, na kwao na kwetu Wameru jambo hili ni moja. Isale ni ule mmea tunaopanda kwenye mipaka. Mtu aliyekukosea akija kwako ameshika jani lake kwa mikono miwili, humfukuzi. Hata kama ni ugomvi wa damu. Ukikataa isale, kosa linahama kutoka kwake linakuwa lako.

Alilishika kwa mikono miwili. Alipiga goti, na kaptula yake safi, kwenye udongo.

"Tabea," alisema. Hakuniita Bubu. "Nimekosa. Nilibanwa, dada yangu. Nisamehe."

Nililia. Sikutaka lakini nililia. Nilimwona yule kaka aliyesimama mbele ya wazee kwa ajili yangu. Nikapokea lile jani, nikamwambia nimemsamehe, na moyoni nilishaanza kumwona anashuka kwa Mama Penina, anasema mbele yao, na mimi nimesimama nyuma yake. Mama akasema, "Mungu asifiwe," akajifuta macho.

Elisaria akainuka, akakung'uta goti.

"Vizuri," alisema. "Sasa nikatie kabichi mbili tatu, zile nzuri nzuri. Za wifi yako. Nizitoe kabla sijaweka poda."

"Poda gani?"

"Inabidi niweke kweli. Jumatatu Mzungu anarudi na kamera, anataka kupiga picha majani yakiwa na poda. Sasa wifi yako na ile hali yake, sitaki ale hizo."

Alilisema bila aibu yoyote, kama mtu anayesema anika nguo, mvua inakuja.

"Kwa nini asile?" nilimwuliza. Nilitaka nimsikie.

"Si unajua? Si ulimwona yule kuku?"

"Na Anande?"

"Anande nani?"

"Mjukuu wa Mama Penina."

"Aa." Alitazama upande wa bondeni. "Watamwoshea."

Niligeuka kumtazama mama. Alikuwa amesikia kila neno. Nilingoja aseme. Alipita pembeni yangu, akaingia jikoni, akatoka na gunia. Akaanza kulikung'uta ili liwe safi kwa ajili ya kabichi za mkwewe.

Jani lilikuwa bado mkononi kwangu. Sikuweza kulirudisha. Ukishapokea umepokea. Ndipo nikaelewa kwamba alikuja kuchukua vitu viwili, na cha kwanza alikwisha kukichukua.

"Kata mwenyewe," nilimwambia.

"Eh?"

"Kata mwenyewe. Unajua zote. Si wewe uliyezilima?"

Nikatoka. Mama aliniita, "Tabea! Tabea, usiwe hivyo!" lakini sikugeuka. Mpakani nilivunja isale nyingine, mbichi. Nikaisafisha kwenye mfereji. Miguu ilitaka kurudi. Sikuwa nimekosea mtu, na nilijua nikiingia pale na hili jani mkononi, kila atakayeniona atasema, ametubu. Nikaingia.

Mama Penina alikuwa ameketi uani. Alikuwa ameshona mfuko kutoka foronya ya zamani, na mkebe alikuwa ameshaubandua kifuniko kwa kisu. Harufu yake ilifika mpaka mlangoni. Anande alikuwa bustanini, kwenye mnafu, mashavu yamejaa.

Alipoona nilichoshika aliweka kisu chini.

"Aha," alisema. Uso wake ukalainika. "Umekuja kutubu kunificha. Vizuri, mwanangu. Inahitaji moyo."

Ingekuwa rahisi sana kusema ndiyo. Angenisamehe palepale, na wanawake wangerudi.

"Hapana, mama. Sikukuficha kitu. Lakini huniamini, na sijaja kwa hilo."

"Sasa isale ya nini?"

Nilipiga goti. Nilishika jani kwa mikono miwili kama alivyolishika kaka. "Naomba usiweke poda kwenye mboga anazochuma Anande. Hilo tu. Hata ukiniona mwongo maisha yako yote."

Kuku walikuwa wanaparua nyuma yake. Alinitazama, akatazama jani, akatazama tena mimi.

"Unajua siwezi kulikataa hili."

"Najua, mama."

"Huo ni ujanja, Tabea."

"Ndiyo, mama."

Alishika kile kifuniko akakigeuza geuza. Kisha akanyoosha mkono akapokea jani, bila kunitazama. Akarudisha kifuniko kwenye mkebe, akakigonga kwa kiganja mpaka kikakaa, akaingia jikoni, akasimama juu ya kigoda akausukuma mkebe ndani kabisa ya dari ya jiko, na ile foronya juu yake.

"Sijakuamini," alisema akishuka. "Usije ukajidanganya. Nimefanya kwa ajili ya isale."

"Asante, mama."

"Na wale wengine siwasemei. Hao hukuwapelekea jani."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Mikebe ilikuwa kila nyumba, kuanzia kanisani mpaka kwa Mzee Solomoni. Ningevunja isale ngapi? Ningepiga goti mbele ya wote, mmoja mmoja, mimi ambaye hata kuomba chumvi kwa jirani nilikuwa namtuma mtoto?

Mama Penina alimwita Anande. Mtoto akaja na midomo ya kijani. Bibi yake alitazama ile mikono midogo, akatazama benchi pale mkebe ulipokuwa, ambapo ungaunga mweupe ulikuwa umemwagika kidogo. Akambeba mpaka mfereji, akaanza kumwosha mikono kwa sabuni, akarudia, mtoto akilia kwa baridi ya maji.

Nilisimama uani kwake nikingoja anikaribishe, kama zamani. Aliendelea kuosha.